Mbasa Akipanda Mto: Somo kwa Kijana Mwenye Ndoano



Wapendwa vijana, somo la leo limezaliwa na swali. Baada ya kikao cha VIWAWA hapa Nakapanya, kijana mmoja alinivuta pembeni akaniuliza: "Frateri, mtu akienda mtoni kuvua, si kwa njaa wala kwa biashara, anaenda tu kujifurahisha, hiyo ni dhambi?" Wenzake waliosikia wakacheka. Mimi niliona ni swali zito kuliko walivyodhani, maana ndani yake kuna maswali mawili: kama mchezo wenyewe una nafasi katika maisha ya Mkristo, na kama tunaruhusiwa kuchezea uhai wa kiumbe kingine.

Jibu fupi: hapana, si dhambi. Jibu refu ndilo hili unaloanza kulisoma, nalo lina "lakini" moja kubwa. Hiyo "lakini" inahusu msimu. Kuna wakati katika mwaka ambapo samaki mwenyewe anakuja ulipo, kwa wingi, mayai yamejaa tumboni. Hapo kuvua ni rahisi na ni raha kuliko wakati mwingine wowote. Sasa, mimi naona hapo ndipo mtu anapojulikana.

Kabla hujaendelea, chukua Biblia usome Mathayo 17:24-27 na Kumbukumbu la Torati 22:6-7. Ni mistari michache tu, haimalizi bando. Nakusubiri.

Umerudi? Twende.

SAMAKI MWENYEWE

Sisi wa Nakapanya tuko Tunduru, kwenye barabara ya kutoka Songea kwenda Masasi, na maji ya kwetu huku yanateremka kuelekea mto Ruvuma mpaka Bahari ya Hindi. Lakini mkoa wetu una upande wa pili ambao wengi wetu hatujaufikia. Ukifika Songea, ukaendelea magharibi, ukashika njia ya Kitai hadi Lituhi, unatokea Ziwa Nyasa. Karibu na hapo mto Ruhuhu unaingia ziwani baada ya safari ndefu kutoka nyanda za juu za Njombe. Ng'ambo hii ni Lituhi, ng'ambo ile ni Manda ya Ludewa. Vijana wa Jimbo la Mbinga mnaosoma hapa, nisahihisheni nikikosea njia, ila samaki ninayetaka kumzungumzia mnamjua kuliko mimi: mbasa.

Wenzetu wa Malawi wanamwita mpasa. Wataalamu wanamwandika Opsaridium microlepis. Wazungu walipomwona anaacha ziwa na kupanda mito kwenda kutaga, wakakumbuka samaki wa kwao, wakamwita samoni wa ziwa. Kwa ukoo si samoni hata kidogo. Yuko karibu zaidi na ningu kuliko na samoni. Ni tabia iliyompa jina. Ni samaki mrefu, rangi ya fedha, mdomo mkubwa, mwindaji hasa, na dagaa wa Nyasa wanamjua vizuri. Mbasa aliyekomaa anaweza kuwa mrefu kama mkono wako kuanzia kiwiko hadi ncha ya vidole, na wengine wanapita hapo.

Anakulia ziwani, lakini hawezi kutaga ziwani. Mayai yake yanahitaji maji yanayotembea, yasiyo na kina, juu ya changarawe safi. Kwa hiyo msimu wa mvua unapofika na mito ikajaa, mbasa wanakusanyika kwenye midomo ya mito kama Ruhuhu, halafu wanaanza kupanda. Wanapanda kinyume cha maji. Wakifika penye changarawe wanataga, mayai yanazama katikati ya vijiwe, na maji yanayopita yanayaletea hewa. Vifaranga wakishaanguliwa wanakaa mtoni kwa muda, wanapata nguvu, ndipo wanateremka kwenda kuanza maisha ya ziwani.

Utaona hapo kwamba samaki huyu anategemea watu ambao hawajawahi kumwona. Mkulima aliyeko juu kabisa mlimani akilima mpaka ukingo wa mto, udongo unateremka na mvua, unafunika changarawe, mayai yanakosa hewa. Mbasa anakufa kwa jembe la mtu ambaye hata ndoano hana. Lakini hiyo ni mada ya siku nyingine. Leo tubaki na mwenye ndoano.

Kuna tofauti moja kati ya mbasa na samoni wa Bahari ya Pasifiki ambayo ni lazima uishike, kwa sababu hoja yangu yote inaisimamia. Samoni wa Pasifiki, yule wa Alaska na Kanada, anapanda mto mara moja tu maishani. Anarudi kwenye mto aliozaliwa (mwanasayansi Arthur Hasler wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, alionyesha kwamba anaufahamu kwa harufu ya maji yake), anataga, halafu anakufa. Mbasa hafi. Akimaliza kutaga anarudi ziwani, na mwaka mwingine anaweza kupanda tena. Kwa hiyo ukimtoa mbasa jike anayepanda, umetoa mayai ya mwaka huu, na ya mwakani, na ya mwaka unaofuata.

WEPESI WA KUMMALIZA

Samaki anayesambaa ziwani ni mgumu kumpata. Samaki anayepanda mto ana mlango mmoja, na mlango huo kila mtu anaujua, na tarehe anaijua pia. Tandaza wavu kwenye mdomo wa mto, subiri, vuta. Hakuna ujuzi unaohitajika.

Ziwa Viktoria lilishatufundisha hili. Zamani ningu alikuwa samaki mkubwa wa mito kama Nzoia kule Kenya na Kagera huku kwetu. Watu wa mtoni walimvua kwa migono na uzio wa matete wakati akipanda, mababu kwa wajukuu. Zikaja nyavu za kutega za kiwandani, zikatandazwa kwenye midomo ya mito, zikamkamata kabla hajapanda. Ilipofika miaka ya 1960 uvuvi ule wa ningu ulikuwa umeporomoka, na ile mitego ya asili nayo ikaanza kupoteza kazi. Hakuna aliyekaa kikao akapanga kummaliza ningu. Kila mmoja alichukua kilichokuwa mbele yake, basi.

Mbasa naye leo anahesabiwa na wataalamu kati ya samaki walio hatarini, kwa sababu hizohizo: nyavu kwenye midomo ya mito, sumu, tope. Kule Malawi mto ambao bado una mbasa wa kusifiwa ni Bua, na sababu kubwa ni kwamba sehemu yake inapita ndani ya hifadhi ya Nkhotakota. Watu wanasafiri kutoka mbali na fimbo zao za kuvulia, wanalipa, wanasimama kwenye mawe kutafuta mbasa mmoja tu wa kupambana naye. Hawana njaa. Ni raha. Hapo tumerudi kwenye swali la kijana wetu.

UPINDE UNAOKAZWA SIKU ZOTE

Nilipokuwa nasoma falsafa, nilidhani Mtakatifu Thoma wa Akwino aliandika tu juu ya uwepo, kiini na mambo ya namna hiyo yanayotoa jasho kwenye mitihani. Kumbe alikaa chini akaandika pia juu ya mchezo. Iko katika Summa Theologiae, sehemu ya pili ya sehemu ya pili, swali la 168. Anauliza: je, kuna fadhila katika kucheza? Anajibu: ipo.

Anasimulia kisa cha Mtakatifu Yohane Mwinjili. Watu walimkuta akicheza na wanafunzi wake, wakachukizwa. Yohane akamwambia mmoja wao aliyekuwa na upinde apige mshale. Akapiga. Apige tena. Akapiga tena na tena. Yohane akamwuliza kama angeweza kuendelea hivyo bila kupumzika. Yule akasema hapana, upinde ungevunjika. Yohane akamwambia: na roho ya mtu vivyo hivyo.

Kwa hiyo ndugu yangu, wewe unayeshinda shambani kwenye korosho, au dukani, au unayekesha na vitabu vya kidato cha sita, ukienda mtoni Jumamosi jioni na mshipi na chambo, ukakaa kimya saa mbili ukitazama maji, hujapoteza muda wa Mungu. Umelegeza upinde. Tena nadhani kijana wa siku hizi anauhitaji ule ukimya kuliko kijana wa zamani, kwa sababu simu haitupi nafasi ya kunyamaza. Na usiwe na wasiwasi kwamba uvuvi ni mchezo wa kidunia mno: sheria za zamani za Kanisa ziliwakataza mapadre uwindaji wa kelele na mbwa, lakini ndoano waliachiwa. Katika mkusanyo wa sheria wa Gratian, wa karne ya 12, kuna hoja kwamba Maandiko hayamwonyeshi mwindaji mtakatifu, ila wavuvi watakatifu yanawaonyesha. (Waseminari tunaopenda ndoano tunaikumbuka sana sheria hiyo.)

Lakini Thoma haachi hivihivi. Anaweka masharti matatu. Raha isitafutwe katika tendo chafu au lenye kudhuru. Mtu asipoteze kabisa utulivu wa nafsi yake. Na mchezo ulingane na mtu, wakati na mahali. Sharti la pili unaweza kulipima mwenyewe: kama unarudi mtoni umegombana na watu, umelewa, au umeacha Misa ya Dominika, wewe hukupumzika. Sitakaa sana hapo.

Linalonishughulisha ni lile la tatu, neno "wakati". Kuvua mbasa kwa ndoano ziwani mwezi wa Septemba, na kuvua mbasa kwa ndoano mtoni akiwa anapanda kutaga, kwa macho ni tendo lilelile: mtu, mshipi, samaki. Kimaadili si lilelile. Mazingira ya tendo yanaweza kulibadilisha uzito wake, hilo tunafundishwa tangu mwaka wa kwanza. Katika msimu wa kupanda unamkuta kiumbe katika saa ambayo ukoo wake wote unategemea afike anakokwenda. Nawe unacheza tu. Hapo ndipo fadhila ya kiasi inapoingia kazini, kwa sababu kiasi hakina kazi pale ambapo samaki hawapatikani. Mtu anayerudi na samaki mmoja kwa sababu alimpata mmoja, huyo hana kiasi, ana bahati mbaya. Mwenye kiasi ni yule ambaye angeweza kurudi na ishirini.

NDOANO YA PETRO

Sasa rudi kwenye Mathayo 17. Katika Injili zote nne wavuvi tunawaona na nyavu: nyavu zinaoshwa, nyavu zinakaribia kupasuka, wavu wenye samaki 153 usiopasuka. Mahali pamoja tu mtu anatumwa na ndoano, na ni hapa. Wametakiwa kulipa kodi ya Hekalu. Yesu anamtuma Petro ziwani atupe ndoano, amchukue samaki wa kwanza atakayetokea, na mdomoni mwake atakuta sarafu inayotosha kwa ajili yao wawili.

Samaki wa kwanza. Mmoja. Yule Bwana aliyeweza kuujaza mtumbwi mpaka ukaanza kuzama, hapa anaagiza samaki mmoja kwa sababu haja ilikuwa ya watu wawili. Wataalamu wa Maandiko wanaeleza mengi juu ya kodi na uhuru wa wana katika habari hii, na wako sahihi, ndiyo maana kuu. Mimi naongeza la pembeni tu kwa wenye ndoano: haja ndiyo iliyopima samaki. Petro hakuambiwa aendelee kwa kuwa siku ilikuwa nzuri.

Halafu kile kipande cha Kumbukumbu la Torati. Ukikuta kiota njiani, mama ndege ameatamia mayai au makinda, Sheria inasema usimchukue mama pamoja na wanawe. Makinda unaweza kuchukua, ila mama umwache aende, ili upate heri na siku zako ziwe nyingi. Angalia jinsi Sheria hii ilivyo ya mtu anayejua maisha. Haikatazi kula. Haimwambii mwenye njaa apite akitazama. Inamwekea mpaka mahali pamoja tu: usichukue chanzo. Tena inaahidi siku nyingi, ahadi inayofanana na ile ya kuwaheshimu baba na mama. Mimi nikisoma pale nasikia kama vile Mungu anatuambia kuna umama hata porini ambao unastahili adabu.

Mbasa jike anayepanda Ruhuhu ni yule mama kwenye kiota, ila yeye amekibeba kiota tumboni.

JE, KUMRUDISHA MAJINI?

Hapa wavuvi wa raha wana jibu lao: "Mimi simuui Frateri, namkamata, napiga picha, namwachia." Wengi wa wale wa mto Bua wanafanya hivyo. Ni jibu zuri kwa idadi ya samaki, lakini lina swali lake. Katekisimu namba 2418 inatufundisha kwamba kuwatesa wanyama au kuwaua bila sababu ni kinyume cha hadhi ya binadamu. Je, kumchoma kiumbe ndoano mdomoni, kumchosha, halafu kumwachia, si kumtesa kwa ajili ya picha? Ujerumani sheria yao ya kulinda wanyama inataka pawepo sababu ya maana ya kumtendea mnyama hivyo, na kumkamata samaki kwa nia ya kumwachia tu kunaleta matatizo na sheria hiyo.

Msimamo wangu, na unaweza kutofautiana nami kwa amani: nenda ukavue kwa nia ya kula. Namba 2417 inaruhusu wazi tutumie wanyama kwa chakula. Mpate mmoja, wawili wa nyumbani, kunja mshipi. Kumwachia kuwe kwa wale usiopaswa kuwachukua: wadogo, na majike wenye mayai. Na ukimwachia, mwachie kwa heshima. Bana kijino cha ndoano mapema ili itoke bila kuchana. Lowesha mikono kabla ya kumshika, maana mikono mikavu inamtoa ute unaomlinda na magonjwa. Usimtupe kama jiwe. Mshike ndani ya maji akiwa ameelekea mkondo mpaka aondoke mwenyewe. Picha ikikosekana, ikosekane. Na wakati wa kilele cha kupanda, pale penye changarawe wanapotaga, mimi naona ndoano ya raha ikae nyumbani kabisa. Ziwa lipo. Jike akichoshwa dakika kumi mdomoni mwa ndoano, nguvu zile alikuwa amezitunza kwa ajili ya mkondo.

Wenzetu wa Alaska, pamoja na fedha zote wanazopata kwa samoni, wamefika huko. Msimu ukifika watu wanajazana kwenye mito kama Kenai bega kwa bega, kila mmoja na leseni yake na idadi aliyoruhusiwa kwa siku. Pembeni kuna watu na mitambo wanaohesabu samaki waliopita. Wakipita wachache, mto unafungwa. Mwaka 2023 na 2024 uvuvi wa samoni mkubwa kuliko wote, yule aitwaye chinook, ulifungwa mto Kenai kwa sababu walirudi wachache. Nchi tajiri, watu wenye boti za thamani, wakaambiwa: mwaka huu hapana. Sisi tungekubali?

NA MWENYE NJAA JE?

Najua kuna kijana wa Lituhi anasoma hapa ananuna. "Frateri wa Tunduru anatufundisha kuacha samaki, ada ya mdogo wangu atalipa yeye?" Ana haki ya kununa. Nimsemee hivi.

Katika kujizuia, wa kwanza kuulizwa ni anayecheza, si anayekula. Itakuwa kichekesho kibaya kama tukimwambia mama mwenye watoto watano akae mbali na mto ili mgeni mwenye fimbo ya bei kubwa apate mapambano mazuri. Mimi mwenye chakula nyumbani nina wajibu wa kuacha kabla yake. Kwa hiyo somo hili, nisomeke vizuri, ni la wavuvi wa raha kwanza.

Lakini kijana wangu wa Lituhi naye ana swali la kujibu, kwa sababu wavu unaoziba mdomo wa mto mzima siku nzima haulishi tu nyumba moja. Unazifungia nyumba nyingine. Katekisimu namba 2415 inazungumza juu ya mali ya uumbaji kuwa kwa manufaa ya binadamu waliopita, waliopo na watakaokuja. Papa Fransisko katika Laudato Si', mwaka 2015, alilirudia: dunia tumeipokea nasi tutaikabidhi. Mdogo wako unayemlipia ada, ukimwachia mto usio na mbasa, umemlipia nini?

HAPA KWETU

Msomaji wa Nakapanya asije akasema haya ni ya watu wa ziwa. Sisi tuna kambale. Mvua kubwa za kwanza zikinyesha, maji yakafurika kwenye nyasi za mabondeni, kambale wanaacha mto usiku na kuingia kwenye maji yale ya kina kifupi kutaga. Mgongo uko nje ya maji. Hapo kila mtu anakuwa mvuvi: mwenye panga, mwenye mkuki, mwenye ndoo. Tena tunafanya kwa vicheko, ni sherehe ya kijiji. Sitaki kuiua hiyo sherehe. Naipenda. Nasema tu: ule usiku ni usiku wao wa kiota.

Kuna mengine ambayo hayahitaji falsafa. Utupa na sumu nyingine majini, hapana. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 imekataza, na hata isingekataza, sumu haichagui mama wala kifaranga, na maji hayohayo kuna mtu anachota chini. Chandarua ulichopewa kuzuia malaria si wavu. Kama unataka kuvua kwa mchezo, muulize ofisa uvuvi juu ya leseni. Na mamba wapo, Ruhuhu wapo na Ruvuma wapo. Usisimame majini mpaka kiunoni ukisema unatafakari.

Jambo jingine la hapa kwetu: wengi wa majirani zetu mtoni ni Waislamu. Kiasi si mali ya Wakatoliki peke yao, na mto hauna parokia. Kikundi cha vijana wa VIWAWA kikikubaliana kuacha bonde moja bila kuguswa usiku wa kambale, bila kukaa na vijana wa msikitini, tutakuwa tumewaachia wao kazi ya kukamata. Tukae pamoja, tuchague bonde pamoja.

JUU YA IJUMAA ZA KWARESIMA

Nimebakiza hili kwa makusudi. Kwaresima ya kwetu inaangukia katika miezi ya mvua, mito ikiwa imejaa. Ijumaa hatuli nyama, tunakula samaki. Kanisa halikuweka samaki kama anasa. Lengo lilikuwa chakula cha kawaida badala ya chakula cha sherehe. Lakini sote tunajua Ijumaa ambazo nyumba imeacha nyama ya shilingi kidogo ikanunua samaki mkubwa wa nazi, mayai yake yakakaangwa pembeni, halafu tunaenda Njia ya Msalaba tukiwa tumeshiba kuliko Jumapili. Tumeshika kanuni, mfungo haukushika chochote ndani yetu.

Kwa hiyo pendekezo langu kwa Kwaresima ijayo: Ijumaa moja, maharage.

KWA JUMUIYA NA VIKUNDI

Mkikutana wiki hii, someni tena Mathayo 17:24-27, mkae kimya kidogo, halafu mzungumze haya. Kwanza, ni raha gani nyingine ninayoitafuta ambayo uzuri wake unategemea kumkuta mwingine katika wakati wake wa udhaifu? Msiishie kwa samaki. Fikirini soko, fikirini mahusiano. Pili, kwenye kijiji chenu ni bonde gani au sehemu gani ya mto ambapo samaki wanataga, na nani kati ya wazee anaijua? Mwendeeni, mmwamkie, mmwulize zamani watu walikuwa wakiacha siku ngapi kabla ya kuanza kuvua. Tatu, kwa wale wenye ndoano tu: kabla ya kutoka nyumbani mara nyingine, hesabu watakaokula jioni, uandike idadi hiyo kwenye kiganja kwa kalamu.